Koki na paipu kwenye ukuta wa jipsamu hazishiki, fisha zinatoka tu. Nifanyeje?

DadaSaluni_Kinyerezi

Wakuu habari zenu, naomba msaada wa mafundi na yeyote mwenye uzoefu na hivi vitu. Nimechukua frem (chumba cha duka) huku Kinyerezi nafungua saluni ya kike, frem ni kubwa nikaona niigawe kwa ukuta wa jipsamu, mbele watu wanasukwa, nyuma wanaoshwa nywele. Ukuta umeshapigwa wolputi na rangi na umependeza kwa kweli. Tatizo limekuja kwenye maji.

Fundi bomba kapitisha paipu za plastiki za PPR za nusu inchi mbili, ya baridi na ya moto, juu ya uso wa huo ukuta wa jipsamu, kaanzia kwenye kona ya ukuta wa tofali mpaka katikati ambapo sinki la kuoshea nywele litakaa. Kila klipu kaifunga kwa fisha ya plastiki ya kawaida na skrubu. Kule mwisho kaweka elbo mbili na engo valvu mbili, zile koki ndogo za kuunganisha hozi za sinki. Sasa ukishika engo valvu kuifungua, elbo nzima inazunguka na mkono wako, fisha ya mwisho imeshatoka na unga mweupe na lile tundu sasa hivi linaingia kidole gumba. Klipu za katikati nazo zimeanza kulegea, pampu ikiwaka paipu inagongagonga ukuta mpaka inasikika mbele.

Fundi anasema ataweka fisha kubwa zaidi na kuziba na simenti nyeupe, ikikauka itashika. Mimi roho inasita mana naona kama tutarudi palepale. Na hapohapo nilikuwa nataka hita ya lita 30 ining'inie kwenye ukuta huohuo juu ya sinki, nimeshainunua. Naombeni ushauri kabla sijamwita tena.

FundiBomba_Temeke

Dada pole, kwanza mwambie asimame hapohapo, hiyo simenti nyeupe asiiweke. Simenti haishikani na jipsamu, inashikana na ule unga uliobaki kwenye tundu, siku ukivuta inatoka donge zima na kipande cha bodi juu yake.

Hizi fisha za plastiki tunazozijua, za mtindo ule aliotoa Artur Fischer kule Ujerumani mwaka 1958, zimeundwa kwa ukuta mgumu. Skrubu ikiingia fisha inatanuka, inabana kuta za tundu, na ule mbano ndio unaoshika. Kwenye tofali au zege una sentimita nne tano za kitu kigumu cha kubana. Kwenye bodi una milimita 12 za chaki iliyovalishwa karatasi pande mbili, nyuma yake hewa. Fisha inatanukia hewani, na pale inapobana chaki inasagika. Ukiweka kubwa zaidi unasaga zaidi, basi.

Halafu kuna kitu mafundi wengi wa maji tunakipita. Picha ya ukutani inavuta chini tu, imetulia siku zote. Koki haitulii. Inazungushwa, inavutwa na hozi, inatikiswa na maji kila ukifunga. Hata fisha ingeshika vizuri siku ya kwanza, ule mtikisiko unakula chaki kidogokidogo mpaka tundu linapanuka. Kwaiyo hapo usitafute fisha ya kushika bodi, tafuta namna ya kuikwepa bodi kabisa. Ushike fremu iliyo nyuma, au uweke kitu kigumu nyuma ukishike hicho.

Niambie, fremu ya ndani ni chuma au mbao? Na stadi, yaani zile nguzo za ndani zinazoshika bodi, zimepishana umbali gani?

mzee_wa_jipsamu

Nimefanya siling na patisheni miaka mingi, nakazia hapo kwa fundi wa Temeke. Dada chukua sumaku, hata ile ya mlango wa friji iliyokufa, ifunge uzi halafu iburuze taratibu ukutani kwa usawa wa kiuno kutoka kona moja kwenda nyingine. Bodi zimepigwa skrubu kwenye stadi, chini ya wolputi hazionekani lakini sumaku inazisikia. Ikinata weka alama ya penseli, panda juu na ushuke chini hapohapo, utapata mstari wa skrubu zimepishana kama futi moja moja. Huo mstari ndio stadi. Kama fremu ni chuma sumaku itanata mstari mzima hata pasipo na skrubu ila kwa udhaifu. Ukishapata mbili pima kati yake.

Kugonga kwa kidole nako kunasaidia lakini kunadanganya, haswa kama ndani wameweka sufi ya kuzuia sauti.

Halafu kabla ya kutoboa chochote zima umeme kwenye meni swichi. Ndani ya hizi kuta nyaya zinapita popote, wengine wanazilaza mshazari bila hata paipu.

DadaSaluni_Kinyerezi

Asanteni sana. Nimefanya ya sumaku, kweli inanata! Fremu ni chuma, zile bati nyepesi, na zimepishana sentimita 60. Bodi nimeangalia kwenye lile tundu ni kama milimita 12. Zile elbo mbili zimeangukia katikati kabisa, hakuna stadi karibu. Mwenye frem nimemuuliza, anasema nikitaka kufungua bodi sawa ila nirudishe kama ilivyokuwa.

FundiBomba_Temeke

Vizuri kama mwenye frem karuhusu, mana hapo ndipo kazi inapokuwa nyepesi.

Upande wa sinki, kata bodi kuanzia katikati ya stadi moja hadi katikati ya stadi ya pili, kimo kama sentimita 30, lile eneo la elbo liwe katikati. Kata katikati ya stadi na siyo pembeni yake, ili bodi ya zamani ibaki na sehemu ya kukalia na kipande kipya nacho kipate nusu yake. Tumia kisu na msumeno mdogo, usitumie grainda, vumbi lake utalikuta mpaka kwenye nywele za wateja.

Ukishafungua utaona stadi zote zimetazama upande mmoja. Kwaiyo kwenye uwazi wako upande mmoja utakutana na mgongo wa stadi, upande wa pili utakutana na mdomo wake. Upande wa mgongo simamisha kipande cha mbao ya mbili kwa mbili, kipige skrubu kupitia bati. Upande wa mdomo kipande hicho kiingize ndani ya stadi kijae, kisha toa kingine mbele yake uvishikanishe. Vyote virudi ndani milimita 18 kutoka usawa wa nyuma ya bodi. Halafu chukua plaiwudi ya milimita 18 upana wa uwazi wote, ipige skrubu kwenye hizo mbao mbili. Sasa una ubao mgumu uliokaa sawasawa nyuma ya bodi, umeshikwa na fremu kushoto na kulia.

Elbo hizo za kawaida toa. Nunua elbo zenye masikio, zile zina bati pana nyuma lenye matundu ya skrubu, zipo za PPR zenye thredi ya shaba ndani. Zifunge kwenye plaiwudi kwa skrubu za mbao zisizoshika kutu, zote matundu yote, usiache hata moja. Paipu zipite ndani ya ukuta, zije chini au pembeni ziingie kwenye hizo elbo. Hapo ukizungusha engo valvu kwa nguvu zako zote, nguvu inakwenda kwenye masikio, masikio yanaipeleka kwenye plaiwudi, plaiwudi kwenye stadi. Bodi haijui kinachoendelea.

Angalia kina pia. Mdomo wa thredi uje sawa na uso wa ukuta uliomalizika. Kama utabandika taili juu ya bodi hesabu unene wa taili na gundi kabla ya kufunga, la sivyo engo valvu itakuwa imezama na kile kisahani cha kufunika tundu hakitakaa.

Mswahili_wa_Leicester

Habari za huko jamani. Huku Uingereza karibu nyumba zote kuta za ndani ni hizi bodi, kwaiyo maduka ya vifaa yana fisha za aina nyingi za ukuta wenye uwazi, na nyingi nimeziona Kariakoo nilivyokuja. Naeleza kwa ajili ya zile klipu za katikati na vitu vidogovidogo, siyo kwa koki, kwenye koki fundi kashasema la kweli.

Ya kwanza ni ile inayojichimba yenyewe, ya plastiki au chuma, imekaa kama skrubu nene yenye meno mapana. Haihitaji drili, unaizungusha na bisibisi ya mkono. Ni sawa kwa kishikio cha taulo au klipu, ila ukitumia drili ya umeme kwa spidi inazunguka bure na kusaga tundu. Ya pili ni ya chuma yenye miguu inayokunjika, ukikaza skrubu miguu inajikunja nyuma ya bodi na kuibana kutokea upande wa pili. Hii naipenda mana ukitoa skrubu yenyewe inabaki, unaweza kufunga na kufungua. Ya tatu ina mabawa mawili yenye springi, unayakunja unapitisha kwenye tundu yanafunguka kwa nyuma. Inashika kuliko zote hizo kwa sababu mabawa ni mapana, lakini tundu lake ni kubwa, lazima kile unachofunga kilifunike, na ukitoa bolti yote mabawa yanadondoka ndani ya ukuta huyapati tena.

Zote tatu bado zinaegemea bodi. Bodi ikilowa zote zinakuwa hazina maana. Chaki ya jipsamu ikinywa maji inalainika, karatasi inabanduka, na saluni maji hayakosi kuruka. Kwaiyo popote unapotoboa eneo la sinki paka silikoni kwenye tundu kabla ya kuweka kifaa, na kile kipande cha kurudishia nunua bodi ya kijani inayostahimili unyevu. Inastahimili unyevu tu, kuloa kila siku haiwezi, juu yake bado unahitaji taili au rangi ya mafuta.

Msee_wa_Rongai

Sasa watu wangu, niko Nairobi na hizi kazi za partition tunafanya sana kwa maofisi na vinyozi. Ushauri wa kufungua ukuta ni mzuri ila si kila landlord atakubali, na dada ameshapaka rangi yote. Kuna njia ingine bila kukata kitu.

Chukua ubao mgumu wa inchi moja, upana inchi sita hivi, urefu uvuke stadi mbili ama tatu. Uranda vizuri, ulainishe kingo, upake primer na rangi ya mafuta coat mbili pande zote hata nyuma, haswa zile ncha mbili mahali maji hupenda kuingilia. Uweke juu ya bodi kwa mlalo, upige skrubu zipite bodi ziingie kwa stadi. Stadi za chuma ni bati nyembamba so tumia skrubu za kujitoboa chuma, lenga katikati ya stadi, na usikaze na drili mpaka izunguke bure, ikishashika wachia hapo, bati ikishakula thread haina maisha tena. Weka skrubu mbili kwa kila stadi, moja juu moja chini.

Paipu zote zinapanda kwa huo ubao, klipu zinashika mbao, elbo zenye masikio zinafungwa kwa mbao. Siku ukihama unatoa ubao na kuziba matundu sita ya skrubu. Hata fundi wa baadaye akikuja kubadilisha kitu hagusi ukuta. Mimi kwa biashara ya kukodi naona hii ndio njia.

FundiBomba_Temeke

Kaka wa Rongai umesema vizuri na siipingi, nimewahi kuona kazi za namna hiyo zimekaa safi. Wasiwasi wangu ni sehemu moja tu, zile elbo mbili kuwa katikati ya sentimita 60. Ubao wa inchi moja ukivutwa hapo katikati unacheza kidogo, na kila ukicheza zile skrubu kwenye bati jembamba zinasumbuliwa. Kama anachukua njia hiyo basi asogeze sinki au asogeze elbo, ziwe karibu na stadi, hata sentimita 10 kutoka stadi ni afadhali kubwa. Hozi za sinki zina urefu wa kutosha.

Msee_wa_Rongai

Hapo nakubali. Asogeze elbo karibu na stadi na ubao uvuke stadi tatu.

fundi_umeme_Mbezi

Mmezungumza koki, mimi nataka kuongelea hiyo hita mana naona imepitwa. Lita 30 za maji ni kilo 30, bado tangi lenyewe la chuma, sufi na kava, jumla inapita kilo 40 zinaning'inia juu ya kichwa cha mteja aliyelala amefumba macho. Hiyo dada usiifunge kwenye jipsamu kwa fisha ya aina yoyote ile, hata hizo za mabawa. Hata kwenye stadi zako za bati jembamba mimi nisingeiweka.

Umesema paipu zinaanzia kwenye kona ya ukuta wa tofali. Hita iende huko, kwenye tofali, kwa bolti za chuma za kupanuka, paipu ya moto ije kwenye sinki kwa hiyo njia mnayotengeneza. Maji yatachelewa kidogo kuwa moto ukifungua, lakini kilo 40 zitakuwa zimekaa kwenye ukuta. Waya wake utoke moja kwa moja kwenye sakiti breka yake peke yake, usiiunganishe na soketi za draya, na ethi iwepo na ipimwe, usikubali fundi akikuambia ethi si lazima. Valvu ya usalama iliyokuja na hita nayo ifungwe, na kile kimrija chake cha kutolea maji kisizibwe, kipelekwe chini kwenye mfereji.

DadaSaluni_Kinyerezi

Jamani Mungu awabariki, nimejifunza vitu ambavyo nisingeambiwa. Hita itaenda kwenye tofali, hilo limekwisha. Kuhusu ukuta naona nifungue bodi, mana ubao kwa nje kwenye saluni nahisi utajaa mafuta ya nywele na vumbi. Maswali mawili ya mwisho. Kwanza, paipu zikipita ndani zinahitaji klipu tena au zinalala tu? Pili, ile kugonga pampu ikiwaka itaisha?

FundiBomba_Temeke

Zinahitaji klipu dada, ndani ya ukuta ndipo zaidi, mana ikigonga huko huwezi kufungua kila siku. PPR ya nusu inchi iliyolala nashikiza kila sentimita 50 hadi 60, na karibu na kila kona. Kwaiyo kila inapokutana na stadi ishikizwe. Stadi za chuma huwa na matundu yaliyotobolewa kiwandani, paipu ipite humo, lakini kingo zake ni kali. Pale paipu inapopita vesha kipande cha mpira au kipande cha hozi ya bustani kilichopasuliwa, ushikilie kwa silikoni. Paipu inayosugua kwenye bati tupu siku zote ipo siku itatoboka, na itatobokea usipopaona.

Ya moto ina tabia yake. PPR ya kawaida inarefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Ya mita tatu, maji yakipanda kutoka nyuzi 28 hadi 65, inarefuka karibu milimita 17. Ukiibana kila klipu kwa nguvu haina pa kwenda, inajipinda na kusukuma elbo, na ukisikia ukuta unalia tik tik kila hita ikianza kutumika ndiyo hiyo. Klipu za paipu ya moto ziache iteleze, na kona isibanwe na mbao pande zote, iachie nafasi. Zipo pia PPR zenye fiba katikati, zinarefuka kama robo hadi theluthi tu ya hapo, bei imechangamka lakini kwa kipande kifupi kama chako inalipa.

Kugonga kutapungua sana paipu ikishikwa vizuri. Kama bado, basi ni presha ya pampu, na koki za kufunga kwa ghafla zinachangia. Hapo unaongeza kile kitangi kidogo cha presha kwenye pampu au unashusha presha kwenye swichi yake, fundi wa pampu anaijua.

mzee_wa_jipsamu

Mimi naongeza la kufunga bodi. Msirudishe kipande siku hiyohiyo. Fundi wako akishamaliza kuchomelea zile PPR, aziache zipoe, kisha zibeni midomo ya elbo kwa plagi, fungueni maji kwa presha yote ya pampu na yalale usiku mzima. Asubuhi chukua tishu kavu uzungushe kila jointi, ile ya nyuma ya elbo pia. Tishu ikilowa hata kidogo jointi hiyo ikatwe irudiwe upya, PPR haizibwi kwa gundi wala silikoni. Ikiwa kavu piga picha ya ukuta ukiwa wazi na futi kamba ikionekana, utajua paipu zilipo siku mwingine akitaka kutoboa. Hapo sasa rudisha bodi ya kijani, skrubu kwenye stadi na kwenye plaiwudi, tepu ya jointi, wolputi mikono miwili, msasa, rangi.

DadaSaluni_Kinyerezi

Sawa mzee wangu, shikamoo. Bodi ya kijani nauliziaga wapi, Kariakoo mtaa gani, au hata huku Tabata zipo?

mzee_wa_jipsamu

Marahaba mwanangu. Duka lolote kubwa la vifaa vya siling wanazo, ila wengi hawaziweki mbele, uliza "ya bafuni" watakutolea. Wanauza bodi nzima ya mita 1.2 kwa 2.4, kwaiyo kabla hujanunua ulizia mafundi wa jirani, kipande cha sentimita 60 kwa 30 kila saiti kinabaki.